Uhuru wa Karatasi na Uhuru wa Shamba: Habari za Kukomeshwa Utumwa katika Unguja na Pemba, 1897–1964

Katika Kiswahili yako maneno matatu ambayo siasa ya karne ya ishirini imeyazoesha kutamkwa pamoja: haki, usawa na uhuru. Yote matatu asili yake ni Kiarabu, lakini hayakuingia katika matumizi ya watu kwa mlango mmoja, wala tangu mwanzo hayakuwa ndugu. Haki lilikuwa neno la kadhi na la soko pia: ni kweli, ni hukumu isiyopendelea, na ni kile ambacho mtu humdai mwenziwe, kama vile ujira wa kazi au fungu la urithi. Uhuru lilikuwa neno la hali ya mtu: huru ni yule asiyemilikiwa na mtu. Usawa lilikuwa kwanza neno la kipimo, la mizani na la ardhi tambarare, kabla ya kuwa neno la kupimia watu. Makala haya yanaeleza jinsi maneno haya yalivyokutana, na jinsi yalivyopingana, katika visiwa vya Unguja na Pemba tangu amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyofuta hali ya utumwa katika sheria hadi mapinduzi ya 1964. Swali lake ni moja: mtu aliyepewa uhuru bila mali alipewa kitu gani hasa?

Ni lazima kwanza kuyaangalia majina yaliyokuwa yakitumika katika jamii ya watumwa na mabwana, kwa kuwa majina hayo ndiyo yaliyobaki baada ya sheria kubadilika. Mtumwa, kwa umbo la neno, ni mtu atumwaye. Neno lenyewe halitaji ufukara. Linataja kuwa chini ya amri ya mwingine. Na kwa kweli zamani zile si kila mtumwa alikuwa maskini kuliko kila mtu huru. Walikuwako watumwa waliokabidhiwa misafara ya bara na mali nyingi za mabwana zao, na walikuwako watu huru waliolala na njaa. Kinyume cha mtumwa hakikuwa tajiri, bali mwungwana, na neno hili lilibeba mambo mawili kwa pamoja: mtu asiye mtumwa, na mtu mwenye adabu. Kamusi ya Johnson iliyotolewa mwaka wa 1939, zaidi ya miaka arobaini baada ya amri ya kwanza, bado inazionyesha maana zote mbili. Maadam lugha ilikuwa imefunga adabu na nasaba katika fundo moja, amri ya serikali peke yake haikuweza kulifungua. Ni kweli watu husema kwamba uungwana ni kitendo, lakini methali hiyo isingehitajiwa kama wengi hawakuamini kwamba uungwana ni kuzaliwa.

Baina ya mtumwa na mwungwana palikuwa na ngazi nyingi. Mshenzi alikuwa mgeni aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi; mzalia alizaliwa visiwani na aghalabu alihesabiwa bora; mjakazi alikuwa mtumwa mwanamke; suria alikuwa mjakazi aliyewekwa nyumbani na bwana wake; mtoro ni yule aliyekimbia. Kila ngazi ilikuwa na fungu lake la heshima. Hivyo mtu aliyepanda kutoka ngazi moja kwenda ya pili alipata kitu cha thamani hata kama mfuko wake ulibaki mtupu, na jambo hili litasaidia kueleza mengi yaliyofuata.

Utumwa wa mashamba katika visiwa hivi haukuwa wa kale sana. Ulikua pamoja na mkarafuu, ambao ulipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa na ukaenea katika utawala wa Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka wa 1856. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe, ameonyesha jinsi biashara ya dunia ilivyoufanya utumwa wa pwani uwe mkali zaidi kadiri karafuu ilivyohitaji mikono mingi ya kupalilia na kuchuma. Kwa desturi mtumwa wa shamba alimfanyia bwana wake kazi siku tano, akaachiwa Alhamisi na Ijumaa. Alipewa pia konde lake la kulima muhogo na mazao mengine ya chakula. Siku hizo mbili na konde hilo havikuwa uhuru, lakini vilikuwa riziki, na mtumwa alivihesabu kuwa haki yake hasa, kwa maana ya kitu anachoweza kukidai.

Mjini desturi ilikuwa nyingine. Bwana aliweza kumpeleka mtumwa wake kufanya kazi ya mchukuzi au ya fundi kwa tajiri mwingine, kisha ujira ukagawanywa kati ya mtumwa na bwana. Katika kazi za namna hii mfanyakazi alipewa kipande cha karatasi cha kuhesabia siku yake, yaani barua ndogo, na kutoka kwa karatasi hiyo limepatikana neno kibarua. Leo neno hili ni la kila mfanya kazi wa kutwa, na hakuna alitamkaye akifikiri utumwa. Hata hivyo linafundisha jambo: kazi ya mshahara haikuanza siku utumwa ulipokwisha, bali ilizaliwa ndani yake. Neno tajiri nalo, ambalo kwa Kiarabu ni mfanya biashara, katika Kiswahili likawa pia jina la yule anayemwajiri mwingine. Utajiri ulielezwa si kwa wingi wa vitu tu, bali kwa uwezo wa kuitumia nguvu ya mtu mwingine.

Hatua za kuukomesha utumwa zilikwenda polepole. Mwaka wa 1872 tufani kubwa iling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikanusurika. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, akisukumwa na Waingereza kwa mkono wa balozi wao John Kirk, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kulifunga soko lao. Mwaka wa 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na tarehe 1 Agosti mwaka huo Seyyid Ali bin Said alitoa amri ya kukataza kuuza na kununua watumwa. Lakini wale waliokwisha kumilikiwa waliachwa mikononi mwa wenyewe. Balozi Arthur Hardinge aliogopa kwamba kuwaachia wote mara moja kungeuharibu uchumi wa karafuu ambao serikali iliutegemea kwa kodi yake. Amri ya kuifuta hali ya utumwa ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897 na Seyyid Hamoud bin Mohammed, ambaye Waingereza walimweka katika kiti mwaka uliotangulia, baada ya mizinga yao kumwondoa Khalid bin Barghash tarehe 27 Agosti 1896.

Amri hiyo inastahili kusomwa kama maandishi ya kisheria na kama maandishi ya kiuchumi kwa pamoja. Dibaji yake inataja kwamba kumwacha mtumwa huru ni jambo lililosifiwa na Mtume. Kisha inataja kwamba watumwa wamepungua, mashamba mengi yameachwa bila kulimwa, na kwamba utumwa wenyewe unawazuia vibarua huru kuja visiwani. Dini na haja ya mikono ziliwekwa katika sentensi zilizofuatana. Baadaye yanakuja masharti. Amri haikusema kwamba kila mtumwa ni huru tangu siku ile. Ilisema kwamba korti hazitatambua tena haki ya kummiliki mtu. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe kuuomba, na ombi lake likikubaliwa, bwana aliyemmiliki kwa halali alistahili kulipwa fidia na serikali. Fedha ya fidia ililindwa: wadai wa bwana hawakuweza kuikamata kwa deni ambalo hapo kwanza mtumwa yule asingeweza kukamatwa kwalo. Na mtumwa aliyeachwa huru naye alipewa masharti yake. Aliingia katika hesabu ya walipa kodi na watoa kazi za lazima, na ilimpasa aonyeshe kwamba ana makao maalum na njia ya kujipatia riziki, ama sivyo angehesabiwa mzururaji.

Hapa ndipo maneno haki na uhuru yalipoanza kutofautiana waziwazi. Mbele ya amri hii bwana alipoteza mali, kwa hiyo haki yake ilikuwa kufidiwa. Mtumwa alipata nafsi yake, kwa hiyo ilidhaniwa kwamba amekwisha kulipwa. Miaka ya kazi isiyo na ujira haikuingia katika hesabu yoyote. Isitoshe, kabla ya kwenda kortini mtumwa alikuwa na konde na kibanda katika shamba la bwana; baada ya kutoka kortini alikuwa na uhuru, lakini konde na kibanda vilikuwa vya mtu mwingine, na kukosa makao kulikuwa kosa. Sheria ilimtaka maskini aonyeshe mali ili uhuru wake uaminiwe. Haishangazi basi kwamba wengi hawakwenda kortini kabisa. Maofisa waliona katika jambo hilo dalili kwamba watumwa waliridhika na hali yao. Lakini mtu anayepima hasara ya konde na faida ya karatasi hafanyi hivyo kwa kuridhika, bali kwa akili.

Masuria waliachwa nje ya amri ya 1897. Walihesabiwa kama wake, na hawakuweza kuomba uhuru isipokuwa kwa sababu ya kutendewa ukatili. Ni amri ya 1909 tu iliyowaingiza. Hali yao yaonyesha jinsi usawa na uhuru vinavyoweza kwenda njia mbalimbali. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria na bwana wake alizaliwa huru, na katika urithi wa baba yake alikuwa sawa na mtoto wa mke wa nikaha. Watoto wa Seyyid Said waliotawala baada yake walikuwa watoto wa masuria, na Salme binti Said, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka wa 1886, mama yake alikuwa suria pia. Hivyo mwanamke aliweza kuwa mama wa mfalme bila ya yeye mwenyewe kuwa huru. Ama suria wa shamba, ambaye bwana wake hakuwa mfalme, alikuwa akichagua kati ya riziki ya nyumba na uhuru usio na nyumba, na watoto wake walikuwa upande wa riziki.

Serikali ilijaribu kuipanga kazi mpya kwa mikataba. Mtu aliyeachwa huru angebaki shambani, angepewa kibanda na mahali pa kulima, naye angemfanyia mwenye shamba kazi siku tatu kila juma. Kutoka siku tano mpaka siku tatu: huo ndio uliokuwa uhuru kwa hesabu ya maofisa. Mpango huu haukudumu. Frederick Cooper, katika uchunguzi wake wa 1980 juu ya kazi na kilimo katika Unguja na pwani ya Kenya, ameeleza jinsi watu hawa walivyokataa kufungwa na siku za lazima. Walikubali kukaa katika mashamba ya watu, walipalilia chini ya mikarafuu kwa kuwa huko ndiko walikopanda muhogo wao, na msimu wa karafuu ulipofika walichuma kwa malipo ya fedha, kila pishi kwa bei yake. Kwa njia hii walijipatia uwezo wa kuchagua siku na kazi. Lakini walikuwa na mpaka mmoja ambao aghalabu hawakuruhusiwa kuuvuka: waliweza kupanda chakula cha msimu, si miti ya kudumu. Muhogo huliwa ukaisha. Mkarafuu hudai ardhi kwa maisha ya watu wawili au watatu. Mwenye shamba alilijua hilo, na aliyekaa kwake alilijua pia.

Wala haifai kudhani kwamba utajiri wote ulikaa upande wa wenye mashamba. Wengi wao walikuwa wamejaa madeni kwa wafanya biashara wa Kihindi, na mashamba yao yaliwekwa rehani. Mwenye miti alikuwa tajiri wa heshima na maskini wa fedha. Mwaka wa 1934 serikali ilitoa sheria za kuzuia ardhi isiende mikononi mwa wadai, na ikakipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu. Mambo haya yakaleta mgogoro na wafanya biashara wa Kihindi uliofika kilele katika 1937 na 1938. Mara ya pili sheria ikamkinga mwenye mali na wadai wake, kama ilivyofanya katika fidia ya 1897. Aliyekaa bila ardhi hakuwa na kitu cha kukingiwa.

Pemba ilikuwa na habari yake. Huko mashamba madogo yalikuwa mengi zaidi, Wapemba wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, na baadhi ya watu walioachwa huru nao walipata miti. Elisabeth McMahon, katika kitabu chake cha 2013, ameonyesha jinsi neno heshima lilivyobadilika katika kisiwa hicho. Zamani heshima ilikuwa sifa ya mwenye nguvu juu ya watu. Baada ya utumwa ikaanza kuwa sifa ya mwenendo, ambayo mtu wa nasaba yoyote angeweza kuijenga mbele ya majirani zake. Si kwa bahati tu kwamba badiliko la maana lilikwenda pamoja na mgawanyo wa miti. Mahali ambapo aliyekuwa mtumwa aliweza kuwa mwenye shamba, jina la uungwana lililegea. Mahali ambapo alibaki mkaaji wa ardhi ya watu, lilibaki gumu.

Mjini, usawa ulitafutwa kwa njia ya mavazi, majina na nyimbo. Watu wengi walioacha mashamba walikwenda Ng'ambo, upande wa pili wa hori uliotengana na Mji Mkongwe. Kofia na viatu, vilivyokuwa alama za mtu huru, vilivaliwa na watu ambao baba zao walikatazwa. Wanawake waliacha nguo za kazi wakavaa kanga, na wengi wakajitanda buibui. Watu walichagua pia jina la kabila lao, na katika hesabu za watu za 1924 na 1931 yaonekana jinsi wale waliojiita Waswahili walivyopungua sana, kwa kuwa jina hilo lilikuwa limeanza kunuka utumwa. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa watumwa na ambaye ujanani alitembeza vyungu vya kuuza, aliimba kwa Kiswahili mbele ya masultani, na mwaka wa 1928 akarekodi sauti yake Bombay. Nyimbo zake zilisema pia juu ya hukumu za korti na wanyonge. Shaaban Robert aliona maisha yake yastahili kuandikiwa wasifu kamili.

Lakini mwaka huohuo wa 1928 Ng'ambo ilionyesha kwamba kofia na buibui hazikutosha. Wengi walikuwa wamejenga nyumba zao juu ya ardhi ambayo wenyewe hapo kwanza hawakuidai chochote, au walidai kidogo tu. Ardhi ya mji ilipopanda thamani, wenyewe waliitoza kodi na kuiongeza. Wapangaji waligoma kulipa. Hoja yao haikuwa kwamba wao ni maskini wa kuhurumiwa. Ilikuwa kwamba nyumba ni yao, na kwamba kodi ile si haki. Neno lile la kadhi na la soko lilikuwa sasa limeingia katika kinywa cha umma. Methali ya zamani ilisema mnyonge hana haki. Waliogoma walikuwa wakiikanusha.

Katika miaka ya 1950 mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali, ardhi na siasa, yaliungana. Baada ya uchaguzi wa 1957, baadhi ya wenye mashamba wa Unguja waliwafukuza wakaaji waliofuata chama kingine. Mtu aliweza kuwa huru kwa sheria na mpiga kura kwa sheria, na bado akapoteza muhogo wake kwa ajili ya kura yake. Hapo udhaifu wa uhuru wa 1897 ulionekana wote. Uhuru wa nchi ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Katika mapinduzi hayo watu wengi waliuawa, hasa Waarabu, na wengi wao hawakuwa matajiri wala wenye mashamba. Waliuawa kwa ajili ya jina la kabila. Ngazi ya zamani ya nasaba, badala ya kuvunjwa, ilipinduliwa tu juu chini. Mwezi wa Machi 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na katika miaka iliyofuata maelfu ya watu walipewa mashamba ya eka tatu tatu. Kwa mara ya kwanza wajukuu wengi wa watumwa walipata mikarafuu. Hata hivyo waliipata kwa idhini: hawakuweza kuiuza, serikali iliweza kuirudisha, na karafuu ilinunuliwa na serikali peke yake kwa bei iliyopangwa nayo. Eka tatu zilikuwa shamba, lakini karatasi bado ilikaa kwa mwingine.

Kutoka habari hizi yaonekana kwamba haki, usawa na uhuru si majina matatu ya kitu kimoja, wala mtu akipewa kimoja hapati vingine kwa lazima. Amri ya 1897 ilitoa uhuru bila mali, na mali ikaamua uhuru huo ufike wapi. Mavazi na nyimbo za Ng'ambo zilitafuta usawa wa heshima, na zilipata mwingi, lakini kodi ya ardhi ikazikumbusha mpaka wake. Mapinduzi yalitoa ardhi, lakini yaliitoa pamoja na dhuluma mpya, na bila uhuru wa mkulima juu ya mazao yake. Mfungwa wa kwanza wa historia hii, yule aliyekataa kwenda kortini kwa sababu ya konde lake, aliona mapema jambo ambalo watawala watatu baada yake walichelewa kuliona: kwamba haki ni kitu ambacho mtu anaweza kukidai na kukishika. Neno kibarua bado linatumika kila asubuhi katika miji ya pwani, na ndani yake imekunjwa ile karatasi ndogo iliyohesabu siku za mtu kwa faida ya mwingine.